Chura wa Mama Kiden na Daktari wa Nyuma ya Ua

Kijana, lowesha mikono kwanza. Kabla hujamuuliza mwenye chura shida ni nini, kabla hujampa pole, lowesha mikono kwa maji safi yasiyo na sabuni. Chura anakunywa kwa ngozi na kupumua kwa ngozi. Mkono wako mkavu kwake ni msasa, na sabuni yako ni sawa na mtu akumwagie petroli puani. Halafu jiandae kukojolewa. Hilo halina kinga. Nimetibu wanyama wadogo hapa Juba mpaka nywele zikaniaga, na chura ambaye hakunikojolea alikuwa mgonjwa sana au ameshakufa.

Chekeni tu, wewe na wenzako. Hata sisi tulicheka. Miaka ya sabini, amani ilipokuja na sisi tuliokimbilia Uganda wakati wa vita tukarudi, ukisema unafanya kazi kliniki ya mifugo watu walikuona umesimama katikati ya ng'ombe, vumbi limekufunika, mkono mmoja umeingia mahali ambapo sitapataja. Mimi nilikuwa na meza, kiti chenye mto, na birika la chai. Wenzangu waliniita Msaidizi wa Kuku na Mengineyo. Vyura walikuwa kwenye Mengineyo.

Meza hiyo niliipata kwa uvivu, wala sioni haya. Jina langu Taban, ambalo kwa Kiarabu cha hapa ni mtu aliyechoka, na mama yangu hakukosea. Nilipokuwa mtoto nilitembea kwa miguu mpaka Uganda, nimebeba sufuria kichwani. Nilisoma sekondari huko, nikarudi juu ya lori lililobeba saruji. Niliposhuka mtaa wa Atlabara hapa Juba na kuonyeshwa chumba chenye mlango unaofungika, niliweka kitanda, nikakaa juu yake, nikasema basi, safari zangu zimekwisha. Tangu siku hiyo, njia ndefu niliyoipenda ilikuwa kutoka kitandani mpaka kliniki, na kurudi.

Tatizo ni kwamba kliniki ilikuwa na lori. Kila kiangazi lori hilo lilikwenda kambi za ng'ombe kuchanja, na kila kiangazi walitafutwa watu wa kupanda. Huko unalala juu ya majivu ya samadi, mbu wanakusalimia kwa jina, na ng'ombe wana pembe ndefu kuliko elimu yako. Ili nisipande, nilishawahi kuumwa mgongo, meno, na ugonjwa mmoja niliousoma kwenye kitabu cha farasi. Mkuu wetu, Daktari Wani, aliniangalia tu na kuniacha.

Huyu Daktari Wani ndiye aliyenifundisha kazi. Mrefu, mkali, ana mikono kama ya mshonaji. Alikulia Uganda kama mimi, kwa hiyo kazini tulisema Kiswahili, na akikasirika alihamia Kiarabu cha Juba, akikasirika zaidi alihamia Kibari, lugha ya kwao, na hapo ulitakiwa kutoka nje.

Somo lake la kwanza kuhusu uvimbe wa chura nililipata kwa karani mmoja wa mizigo pale uwanja wa ndege. Karani alifuga chura ndani ya ofisi ili ale mende. Akaja naye ndani ya kopo la maziwa, chura ana uvimbe mgongoni mkubwa kama punje ya hindi.

"Saratani," nikasema, maana neno hilo nilikuwa nimelijifunza wiki ileile.

Daktari Wani akachukua tochi. Alimweka chura juu ya kitambaa chepesi kilicholoa, akamulika tochi kwa upande, akasubiri. Uvimbe ukasogea. Ukapumzika. Ukasogea tena.

"Taban," akasema, "saratani yako inakwenda wapi?"

Alikuwa funza wa nzi, amejipangia nyumba chini ya ngozi. Basi shikeni hilo: uvimbe ukitembea, si saratani. Ukibonyeza taratibu ukaingia kama uji, fikirieni usaha. Ukiona kijivimbe kigumu, cheupe, na kingine mbali kidogo, na kingine tena, fikirieni minyoo waliojifungia ndani. Uvimbe wa kweli, ule unaotufanya tununue wembe mpya, mara nyingi unakua umeshikana na ngozi, kingo zake hazieleweki, na juu yake huenda kuna kidonda kisichotaka kufunga. Lakini jicho linadanganya. Ndiyo maana tunachoma sindano nyembamba, tunavuta chembe kidogo, tunazipaka juu ya kioo, tunazitia rangi, tunazitazama kwa hadubini. Rangi yetu ilikuwa ileile tuliyotumia kutafuta vidudu vya ndorobo kwenye damu ya ng'ombe, na hadubini yetu ilitumia kioo cha kunasa mwanga wa jua. Wingu likipita, saratani ilisubiri.

Sasa nije kwa Mama Kiden.

Mama Kiden alikaa mtaa wa Juba Na Bari, karibu na mto, ndani ya ua wa matete. Mjane, mwembamba, ulimi wake unaweza kukata kuni. Yeye naye alikimbilia Uganda vita vilipokuwa vibaya, na aliporudi alikuta nyumba haina paa, haina mlango, mti wa limao umekatwa. Kilichobaki kilikuwa zir, ule mtungi mkubwa wa maji ya kunywa unaokaa juu ya miguu yake ya chuma, umepasuka mdomo. Na chini ya zir, pale maji yanapodondoka na udongo kubaki baridi, alikuwa amekaa chura. Mkubwa, wa kahawia, amekosa kidole kimoja cha mguu wa nyuma. Mama Kiden aliapa ndiye yuleyule aliyemwacha.

"Sisi yote tulikimbia," aliniambia. "Huyu hakukimbia. Huyu ndiyo mwenye nyumba. Mimi nimepanga tu."

Nyumba nyingi hapa zina chura chini ya zir na hakuna anayemfukuza. Anakula mchwa na anajua adabu. Lakini huyu alikuwa na jina, aliitwa Mzee, na alikuwa na kifuniko cha sufuria cha kulia chakula. Basi Mzee akaota uvimbe ubavuni, karibu na paja. Mama Kiden akautibu kama anavyotibu kila kitu, kuanzia jino mpaka ndoa: akampaka mafuta ya lulu, mafuta mazito ya kokwa za mti. Mafuta yale ni mazuri kwa mtoto mchanga na kwa mboga. Ukimpaka chura mwili mzima umemziba pua zote kwa pamoja. Mzee akaanza kuhema mdomo wazi, na habari ikafika kliniki.

Ikafika kwa njia mbaya, maana Mama Kiden alikuwa mama mkwe wa Daktari Wani.

Nyie wa siku hizi mnakula na mama wakwe zenu meza moja, mnapigana picha. Wakati ule, kwa watu wa Daktari Wani, mwanamume na mama wa mkewe hawakutazamana usoni. Akimwona njiani anaingia vichakani. Hali chakula mbele yake, hasemi naye, haingii uani kwake akiwa yupo. Ni heshima, si ugomvi. Kwa hiyo mtu pekee Juba nzima aliyeweza kumpasua chura huyu ndiye pekee asiyeweza kumsogelea.

"Mlete Mzee kliniki," nikamwomba Mama Kiden. "Daktari atamwona, wewe ubaki nyumbani."

"Haendi mahali. Wote waliotoka hii nyumba, nani alirudi haraka? Na mimi nitakaa hapa, karibu yake. Kama iko kufa, afe akiniona."

Nikarudisha maneno hayo. Daktari Wani alikuwa anazunguka meza yangu kama fisi.

"Mke wangu ameniambia," akasema, "chura yule akifa, mama yake atasema nimemuua mimi. Maisha yangu yote atasema hivyo, na sitaweza hata kumjibu kwa sababu siruhusiwi kuzungumza naye! Sikiliza, Taban. Utapasua wewe."

"Mimi, Daktari? Na huu mgongo wangu?"

"Lori linakwenda kambi za ng'ombe wiki hii. Mzee akipona, unabaki kwenye mto wako. Akifa, unapanda lori, na utakaa huko mpaka mvua."

Sijawahi kumpenda chura kama nilivyompenda Mzee saa ile.

Nilianza kwa kumwosha. Maji ya mvua yaliyowekwa akiba, yasiyo na dawa ya bomba, nikamwogesha polepole mpaka mafuta yakatoka na pumzi yake ikatulia. Mama Kiden alisimama juu yangu akinisahihisha. Kisha nikaulowesha mkono, nikamgeuza, nikauona uvimbe: mwekundu, umeshikana na ngozi, juu una kidonda. Nikachoma sindano, nikapaka kioo. Halafu nikatazama kichwa chake. Nyuma ya macho, kushoto na kulia, palikuwa na mavimbe mengine mawili, manene, yamelingana.

Nilitembea haraka mpaka kliniki, jambo ambalo watu wa Atlabara walilizungumzia.

"Daktari, imesambaa! Ana mengine mawili kichwani!"

"Kushoto na kulia?"

"Ndiyo."

"Sawasawa? Kama masikio?"

"Kama masikio kabisa."

Daktari Wani akafunga macho. "Taban, hizo ni tezi za sumu. Kila chura wa aina ile anazaliwa nazo. Ungezikata, zingekurushia maziwa usoni, ungekuwa kipofu, na yeye angekuwa maiti. Ya kalas, basi! Lete kioo."

Kwa hiyo, kijana, mjue mnyama mzima kabla hujamjua mgonjwa. Chura wa namna ile ngozi yake yote ni manundu. Ukitaka kumwondolea kila kinachovimba utabaki na miguu.

Kioo kilisema mabaya. Daktari alinionyesha: chembe zimejaa, hazilingani, viini vyake vikubwa kama macho ya mtu aliyeshtuka. "Huu hautaondoka kwa kupakwa," akasema. "Unakatwa pamoja na ukingo wa ngozi nzima kuuzunguka. Ukiacha kipande, unarudi."

Siku ya kupasua tulikwenda mchana kweupe. Zamani, nitawaambia ukweli, wengi walimweka chura kwenye barafu mpaka akakakamaa, wakakata. Mpaka leo kuna anayefanya hivyo. Daktari Wani alikataa hata wakati ule. "Umemgandisha asikulalamikie," alisema. "Maumivu yako palepale." Alikuwa ameomba kwa daktari wa meno ganzi ya kupaka, akaiyeyusha mwenyewe ndani ya maji, kidogo sana, akanipa kwenye chupa. Kisha yeye akaenda kusimama nje ya ua wa matete, upande wa barabara, amegeuzia nyumba mgongo. Mimi nikaingia ndani, chini ya kivuli cha nyasi, mimi na Mama Kiden na Mzee ndani ya beseni.

"Daktari iko wapi?" akauliza Mama Kiden, ingawa kofia yake ilionekana juu ya matete.

"Iko nyuma ya ua, mama."

"Na wewe iko nani?"

"Mimi msaidizi."

"Wa kuku," akasema. "Mimi najua."

Mzee akalegea ndani ya maji. Sauti ikatoka kwenye matete: "Vuta kidole!"

Nikavuta kidole cha mguu. Mzee akauvuta mguu wake.

"Amevuta!"

"Bado anasikia, basi! Subiri!"

Jirani mmoja akapita barabarani, nikamsikia. "Daktari, salaam aleik. Unafundisha nyasi?"

"Pita, ndugu yangu. Pita tu."

Mwishowe nilivuta na mguu ukabaki mkononi mwangu umelegea kama kamba. Nikamlaza juu ya kitambaa kilicholoa. Hapa msiogope: koo la chura mwenye ganzi linaacha kupiga, anaonekana amekwenda. Tazameni kifua. Ukiona moyo unagonga chini ya ngozi, yupo. Mama Kiden hakujua hilo.

"Amekufa! Umeua Mzee!"

"Moyo unapiga, mama, tazama pale."

"Huo ni wako, mimi naisikia mpaka hapa!"

Nikachukua wembe. Nikakata. Sauti ya matete ikaniongoza: anzia nje ya wekundu, sasa zunguka, usichimbe, weka maji kwenye ngozi, Taban, ngozi isikauke. Mama Kiden akawa ndiye anamwaga maji kwa kijiko, na nasema bila utani kwamba sijapata msaidizi bora. Nilizunguka nusu. Nikaanza kufikiria kitanda changu. Hapo ndipo nilipogusa mshipa.

Kwa ng'ombe, damu ile usingeiona. Kwa chura, kijiko kimoja ni dunia.

"Daktari, damu!"

"Bana kwa kitambaa!"

"Nimebana!"

"Inakuja?"

"Inakuja!"

"Tafuta mdomo wa mshipa, ukamate kwa koleo!"

"Siuoni! Pote pekundu!"

Nikabana tena. Nikaona kofia ikizunguka, ikaenda, ikarudi. Nje kulikuwa na mtu anayejua la kufanya, na kati yetu kulikuwa na ua ambao mbuzi angeupita. Mama Kiden aliweka kijiko chini. Akainuka, akachukua ungo wake wa kupepetea mtama, akajifunika kichwani mpaka mabegani, akakaa tena palepale.

"Taban," akasema kutoka ndani ya ungo. "Mwambie mimi sipo."

"Daktari! Mama anasema hayupo!"

Daktari Wani hakuzunguka kwenda mlangoni. Alipita katikati ya matete, mwili mzima, kofia ikabaki imeninginia. Alipiga magoti, uso ameugeuzia upande wangu, akalowesha mikono — angalieni, hata wakati ule alilowesha mikono — akachukua koleo, akabonyeza kidole kimoja juu ya jeraha, akakiinua kidogo tu, akaukamata mshipa mimi bado nautafuta. Akaufunga kwa uzi wa hariri. Damu ikakoma. Kisha akauzungusha wembe nusu iliyobaki, uvimbe ukatoka mzima na ukingo wake, akaanza kushona.

Na mimi nikawa redio. Walikuwa wamekaa magoti yao karibu yagusane, na hakuna aliyeweza kusema na mwenzake.

"Taban," ukasema ungo, "mwambie mkwe wangu asivute sana ile paja. Iko mzee."

"Daktari, usivute sana paja, ni mzee."

"Mwambie mama nimesikia."

"Mama, amesikia."

"Mwambie ashone karibu-karibu."

"Daktari..."

"Taban, mwambie mama uzi ukikazwa sana ngozi inakatika."

"Mwambie sawa. Yeye ndiyo anajua."

Tulimsuuza Mzee kwa maji ya mvua, tukamsuuza tena. Ungo haukusogea. Daktari Wani aliweka kidole kwenye maji karibu na koo la chura, akangoja, jasho likamdondoka puani. Koo likapiga mara moja. Likanyamaza muda wa kutosha mimi kuona ng'ombe wote wa kambini. Likapiga tena, likaendelea. Nikamnyanyua, na Mzee akanikojolea kifuani, mpaka ndani ya mfuko wa shati.

"Amekojoa!" nikapiga kelele kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Mama, amekojoa!"

Ungo ukaanza kutikisika. Alikuwa analia au anacheka, siwezi kuapa. Daktari Wani ndipo alipotazama alipo. Akainuka, akatoka kwa tundu lilelile la matete, kofia akaisahau.

Mkimpasua chura, msimrudishe udongoni upesi. Mwekeni kwenye kitambaa safi kinacholoweshwa, na nyuzi ziacheni muda mrefu kuliko za mbwa. Ngozi ile inafunga polepole. Na msishangae akijivua ngozi akaila pamoja na dawa yenu yote. Mzee alifanya hivyo mbele yangu, akaivuta kichwani kama mtu anayevua fulana, akaimeza, akanitazama. Dawa nikapaka upya. Jeraha lilifunga vizuri. Uvimbe haukurudi.

Ila Daktari Wani alikuwa na lake. Mtu aliyepita ua wa mama mkwe wake na kupiga magoti mbele yake, hata akiwa chini ya ungo, hawezi kuonekana mjini mpaka wazee wa pande zote wakae, mbuzi achinjwe, heshima irudishwe mahali pake. Na wazee walikuwa hawana haraka. Siku ya lori kuondoka nilikwenda kliniki kuaga mto wangu hata hivyo, kwa sababu sikuiamini ahadi yake ya kuniacha. Nilimkuta yeye ndiye yuko juu ya lori, amekaa kwenye sanduku la chanjo, ameshika funguo za kliniki.

"Daktari, unakwenda wapi?"

"Kambi za ng'ombe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mama asahau." Akanirushia funguo. "Lowesha mikono, Taban. Na usiguse masikio ya chura yeyote."

Mchana huo nilikwenda Juba Na Bari kutazama nyuzi. Mama Kiden alikuwa anarudishia matete mahali palipotoboka.

"Amekwenda?"

"Amekwenda, mama."

"Malesh, pole yake. Mwanamume mzuri." Akafunga tete moja kwa kamba, akakaza. "Mimi niko mama mkwe wake miaka hii yote, na uso wake sijui. Binti yangu alipoolewa niliogopa. Nilisema, nimempa mtoto kwa nani? Sasa ile ungo yangu ina tundu kidogo, mbele hapa." Akanionyesha kwa kidole, kati ya macho yake. "Uso sikuangalia, hiyo ni haramu. Niliangalia mikono tu."

Akamtazama Mzee kwenye kitambaa chake chini ya zir.

"Mikono inatosha," akasema. "Sasa wewe wa kuku, shika hapo, tufunge ua."